Rili za bei nafuu kwa uvuvi mzito wa chambo bandia baharini: tukate wapi, tusikate wapi

Mleta uzi

Wadau wa mshipi, rili ya kwanza niliyoinunua kwa ajili ya kolekole wakubwa ilikuwa imeandikwa ubavuni kwamba breki yake, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki anapovuta, inashika kilo 20 na kwamba ndani mna beringi 13. Ilidumu safari nne. Breki haikuniangusha, wala beringi hazikuwa zimekwisha. Samaki alielekea mwambani, nikabana breki na kulazimisha mpini, na mwili wa rili, ambao ulikuwa wa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, ukajipinda kidogo tu, gia zikang'atana vibaya, na tangu siku hiyo kila mzunguko ulitoa mlio wa kokoto kinuni. Kampuni siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu pia: nilinunua namba zilizoandikwa ubavuni badala ya kununua mashine.

Uzi huu ni kwa mtu mwenye fedha ya rili moja tu, tena si ya ghali, anayetaka kurusha popa (chambo kinachopasua maji juujuu), vyambo vya kuogelea na jigi (chambo kizito cha kuzamisha) za gramu 60 hadi 150 akiwatafuta kolekole, jodari na nguru. Ninazungumzia rili za spini, ambazo spuli yake, yaani kibiringo cha mshipi, haizunguki mshipi unaporushwa, na rota, sehemu inayozunguka pembeni yake, ndiyo inayoukunja. Zile za kurambaza nyuma ya chombo zina habari yake. Wala sizungumzii Stella SW ya Shimano au Saltiga ya Daiwa, kwa kuwa mwenye uwezo wa kuzinunua hana shida ninayoieleza hapa. Msimamo wangu ni kwamba bei inaposhuka lazima kiwandani kuna kitu kilichokatwa, na kazi ya mnunuzi ni kuhakikisha kwamba kilichokatwa ni ulaini na wepesi, si uimara wa mwili, wa gia na wa rola ya mshipi.

Tuanze na mwili. Gia kubwa na gia ndogo ya katikati hufanya kazi vizuri pale tu zinapobaki katika umbali uleule zilipopangwa, na mzigo wa samaki mzito hauvuti mshipi peke yake, bali huvuta rota, mhimili na ukuta wa mwili kwa pamoja. Mwili wa alumini hujipinda kidogo sana chini ya mzigo huo. Ule wa plastiki na kaboni, katika rili za bei ya chini, hujipinda vya kutosha kuharibu meno kidogokidogo bila mvuvi kujua. Kwa samaki wadogo plastiki haina ubaya, tena ni nyepesi na haili kutu, lakini kwa kazi hii mimi sishauri. Uzito unaoongezeka tuukubali: rili ya alumini ya ukubwa huu huweza kuwa na gramu 600 hadi 900, na anayerusha popa tangu alfajiri hadi adhuhuri atausikia begani.

Gia zenyewe zina malighafi zake. Nyingi za bei ya chini kabisa ni za aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo huchakaa haraka kwa kusagwa. Juu yake kuna gia za aloi ya shaba zilizochongwa, na alumini ngumu iliyofuliwa. Gia ya shaba haina ule ulaini wa hariri ambao wauzaji hupenda kuuonyesha mezani kwa kuzungusha mpini kwa kidole kimoja, lakini baada ya misimu miwili itakuwa bado inazunguka vilevile. Ulaini wa dukani usikudanganye. Grisi nyepesi hulainisha hata gia mbovu.

Kuhusu breki, naomba tutumie hesabu kuliko sifa. Kanuni inayojulikana ni kubana breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya kukatika kwa mshipi, kipimo kikichukuliwa kwa mizani ya kuning'iniza mshipi ukiwa umepitishwa kwenye pete za fimbo. Mshipi wa kusuka unaokatika kwa kilo 30, basi, utataka breki ya kilo 7 na nusu hadi 10. Kilo 10 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani akiwa sebuleni. Fimbo ni wenzo unaofanya kazi dhidi yako, na watu wengi wenye afya njema hawawezi kuushikilia mzigo huo kwa dakika kumi wakiwa wamesimama kwenye chombo kinachoyumba. Rili inayodai kilo 20 na inayodai kilo 15 kwa wengi wetu ni sawa. La kuuliza ni kama breki inaachia mshipi bila kushtuka inapoanza kuteleza, kwa sababu mshtuko huo wa mwanzo ndio unaokata fundo, na kama inabaki vilevile baada ya mita 100 za mbio, inapokuwa imepata moto.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara kwa mara. Breki haibadiliki, lakini mshipi unapopungua kwenye spuli, kipenyo chake hupungua pia, na nguvu inayohitajika kuuvuta huongezeka kwa uwiano uleule. Ukiibana kwa kilo 10 wakati mshipi umejaa hadi kipenyo cha sentimita 6.5, samaki akishaupunguza hadi sentimita 5 atakuwa anavuta kilo 13 ingawa hujagusa kitufe, na bado hatujahesabu maji yanayouvuta ule mshipi mrefu. Hii ndiyo sababu ninapendelea spuli pana yenye nafasi ya kutosha kuliko breki yenye namba kubwa. Washa za breki, vile visahani vinavyosuguana ndani yake, ziwe za kaboni, zilizopakwa grisi maalumu ya breki. Zile za kitambaa kizito hufanya kazi nzuri kwa samaki wa wastani, lakini zikilowa chumvi na kubanwa muda mrefu hushikamana.

Rola ya mshipi, kile kigurudumu kidogo kwenye waya wa kudakia mshipi, ndicho kifaa cha kwanza kufa katika rili nyingi nilizofungua. Iko nje, hupigwa na maji kila mrusho, na hubeba mzigo wote wa samaki kwenye beringi isiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Ikigoma kuzunguka, mshipi wa kusuka unaisugua kama msumeno, unachimba mfereji, halafu mfereji unaukata mshipi. Kabla ya kununua, pitisha mshipi chini yake, uvute kwa nguvu, na utazame kama inazunguka kweli ikiwa na mzigo, si bila mzigo tu.

Idadi ya beringi mimi siitazami tena. Beringi tano zilizo mahali pake zinatosha, na kila inayoongezwa ili tangazo lipendeze ni nyumba mpya ya kutu.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubaliana na mengi, ndugu mleta uzi, ila umepita juu ya jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza, nalo ni mipira ya kuzuia maji. Mimi huvua nikiwa nimesimama miambani, na wimbi hunipiga kifuani mara kadhaa kwa saa. Rili yangu ya awali ilikuwa ya alumini tupu, imara kama nyundo, lakini klachi inayozuia mpini kurudi nyuma iliingiwa na maji ya chumvi. Siku moja ikaachia samaki akiwa anavuta, na mpini ukazunguka kinyume na kunigonga vidole hadi kucha mbili zikang'oka. Tangu hapo sinunui rili ambayo klachi yake haikufunikwa.

Kwa wasiojua alama za kinga ya maji zinazoandikwa kwenye rili, IPX5 maana yake ni kwamba kifaa kimejaribiwa dhidi ya maji yanayorushwa kwa bomba, IPX6 ni bomba lenye nguvu zaidi, na IPX8 ni kuzamishwa kwa muda kwenye kina cha zaidi ya mita moja kwa masharti yanayotajwa na mtengenezaji. Ile X haina maana ya ubora. Inaonyesha tu kwamba kipimo cha vumbi hakikutajwa. Kampuni ya Penn ilipotoa rili ya Spinfisher VI mwaka 2018 iliipa IPX5 kwa bei ya kati, na Slammer III ya kampuni hiyohiyo ilikuwa na IPX6, kwa hiyo si kweli tena kwamba kinga ya maji ni ya matajiri peke yao.

Mleta uzi

Umenirekebisha vizuri, na kwa mtu wa miambani nakiri nilikosea kuiacha mipira bila kuitaja. Pole kwa vidole.

Hata hivyo naomba niongeze tahadhari mbili. Ya kwanza, mpira unaozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Rili iliyofungwa ikizama na tone likapenya, chumvi hukaa humo kimya kwa miezi huku mwenyewe akijiamini kwamba imefungwa, ilhali rili ya wazi ingemlazimisha kuifungua wiki hiyohiyo. Ya pili, mpira husugua, na mpira hukauka na kuchakaa. Rili yenye mipira mingi huwa nzito kidogo kuzungusha, na baada ya miaka kadhaa kinga iliyoandikwa kwenye boksi si kinga iliyo mkononi. Mvuvi wa kwenye chombo chenye kingo za juu, ambaye rili yake hupata manyunyu tu, anaweza kununua rili isiyo na alama ya IPX, kama BG ya Daiwa ya mwaka 2016 au Battle III ya Penn, fedha iliyobaki akanunulia mshipi mzuri, mradi awe mtu wa kufungua na kupaka grisi.

Klachi yenyewe, wakati wa matengenezo, ipakwe mafuta mepesi kidogo sana. Wengi huijaza grisi nzito wakidhani wanaihurumia, kisha vijiti vyake vinateleza na mpini unarudi nyuma kama ulivyomrudia mwenzetu.

Mchangiaji wa pili

Habari wakuu. Mimi ni mgeni wa uvuvi huu, navua nikiwa kwenye chombo, na nina maswali mawili. Kwanza, nimeona rili ya namba 8000 ya kampuni moja ni ndogo, na ya namba 8000 ya kampuni nyingine ni kubwa kama kikombe cha uji, nifuate ipi? Pili, kwa kuwa nitakuwa na rili moja tu, si afadhali nichukue yenye kasi kubwa, ile ya herufi XG, ili niweze kuvua nguru pia, ambao hufuata chambo kinachokimbia? Nikihitaji polepole nitazungusha polepole.

Mchangiaji wa tatu

Swali la kwanza ni rahisi: namba za ukubwa hazina kipimo cha pamoja, kila kampuni ina ngazi yake, na hata kampuni moja hubadilisha ngazi. BG ya kwanza ya Daiwa yenye namba 8000 ni kubwa mno ukiilinganisha na Shimano ya 8000, na Daiwa hiyohiyo ilipotoa BG MQ ilipanga namba upya. Acha namba, tazama ujazo wa mshipi. Mishipi ya kusuka hupimwa kwa PE, ambacho ni kipimo cha unene: PE 4 ina unene wa karibu milimita 0.33, PE 6 karibu 0.40, na PE 8 karibu 0.47. Kwa jodari wa wastani na nguru, spuli inayobeba mita 300 za PE 4 inatosha. Kwa kolekole wakubwa karibu na mwamba tafuta mita 300 za PE 6. PE 8 ni ya wale wanaovua majitu wakiwa nchi kavu, mahali pasipo na chombo cha kumfuata samaki.

Swali la pili ndipo wengi wanapoumia. Hebu tupige hesabu. Nguvu unayoweka kwenye mpini ni mzigo wa mshipi, mara nusu kipenyo cha spuli, mara uwiano wa gia, ugawe kwa urefu wa mpini. Chukua samaki anayevuta kilo 5, spuli yenye nusu kipenyo cha sentimita 3.4 na mpini wa sentimita 8. Kwa gia ya 6.2 kwa 1, yaani rota huzunguka mara 6.2 kwa kila mzunguko mmoja wa mpini, utahitaji kama kilo 13 kwenye kirungu cha mpini. Kwa gia ya 4.4 kwa 1 utahitaji kilo 9 na kidogo, kabla ya msuguano. Kuzungusha polepole hakupunguzi namba hiyo hata chembe. Zile kilo 13 hupita kwenye meno ya gia, na katika rili ya bei nafuu meno hayo ndiyo sehemu ambayo kiwanda kilibana matumizi. Gia ya kasi katika rili ya ghali ni starehe, lakini katika rili ya bei ya chini inakula umri wake.

Nguru usihofu. Gia ya 4.9 kwa 1 kwenye spuli ya kipenyo cha sentimita 6.5 hukunja mita moja kila mzunguko, na mizunguko miwili kwa sekunde si kazi ya ajabu. Spuli pana inakupa kasi bila kuongeza mateso ya gia kama unavyodhani, kwa sababu rili pana huwa na gia pana na mpini mrefu pia. Popa na jigi ndizo zinazotaka gia ya nguvu, yaani ya uwiano mdogo, kwa dhati, maana kila mvuto unakuachia mshipi uliolegea kidogo na chambo kinachosukuma maji mengi. Wanaovua kwa vyambo vya kuogelea ndio wenye haki ya kutamani XG, kwani wao wanahitaji kukusanya ulegevu upesi samaki anapowageukia.

Na kwa kweli, samaki mzito hakunjwi kwa mpini. Anainuliwa kwa fimbo, kisha unashusha fimbo huku ukikusanya mshipi. Mtu akiwa na desturi hiyo, rili ya kawaida humfaa muda mrefu. Anayevuta kwa kuzungusha mpini kama anayechota maji kisimani atavunja hata ya ghali.

Mchangiaji wa nne

Mbona hakuna aliyetaja rili zilizotumika? Kwa bei ya rili mpya ya kati mtu anaweza kupata iliyotumika ya daraja la juu zaidi yake, kama Saragosa SW ya Shimano au Slammer, na mimi zangu zote mbili ni za mkono wa pili.

Ninavyozikagua: kwanza natoa spuli na kutazama mhimili, ukiwa na mkwaruzo wa urefu wake au umepinda, naondoka. Kisha naishika rota na kuitikisa juu na chini. Kucheza kidogo kwa kuzunguka si tatizo, lakini kucheza kwa kupanda na kushuka ni beringi kubwa iliyochoka. Nageuza mpini mbele na kuusimamisha ghafla mara ishirini. Klachi ikikosa kushika hata mara moja, hiyo ni gharama ninayoikata kwenye bei. Natafuta unga mweupe kwenye skrubu, kwa sababu skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa ndani ya alumini pamoja na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na siku utakapotaka kufungua skrubu itakatika kichwa. Mwishoni nafunga mshipi kwenye kitu kizito na kuzungusha nikiwa na mzigo, kwa kuwa kokoto ambayo haisikiki rili ikiwa tupu husikika hapo.

Jambo moja la kuzingatia: hakikisha vipuri vinapatikana. Rili nzuri ya mfano ulioachwa zamani, ambayo rola yake haipatikani tena, ni pambo la kabati.

Mleta uzi

Nimefurahi kuona uzi umepata watu wanaofungua rili zao. La vipuri hasa nalitilia mkazo, kwa sababu rili ya kati ambayo michoro yake ya ndani inapatikana na washa zake zinauzwa mojamoja itaishi kuliko rili tatu za bei ya chini zilizonunuliwa kwa kufuatana.

Mchangiaji wa pili, kwa kuwa umesema unavua ukiwa kwenye chombo, na unataka moja tu, mimi ningechukua rili ya mwili wa alumini inayobeba mita 300 za PE 5 au 6, gia kati ya 4.4 na 5.3, mpini unaopenya moja kwa moja kwenye mhimili wa gia au kujifunga humo kwa skrubu, wala si ule wa kukunjwa kwa kitufe ambao huanza kulegea mapema, na kirungu cha duara kinachojaa kiganja. Waya wa kudakia uufunge kwa mkono kila baada ya kurusha, usiufunge kwa kuzungusha mpini; utaratibu huo unaondoa vitanzi vilivyolegea vinavyozaa mafundo angani, na unauhurumia utaratibu wa kujifunga ambao katika rili kubwa za bei nafuu ni dhaifu. Chini ya mshipi wa kusuka weka kwanza tabaka la nailoni, la sivyo mshipi wote utazunguka juu ya spuli na utaapa kwamba breki imekufa. Jaza hadi milimita mbili chini ya ukingo.

Ukirudi nchi kavu, bana breki kwanza ili maji yasipenye kwenye washa, nyunyiza maji baridi yasiyo na chumvi kwa utulivu, usipige bomba la nguvu linalosukuma chumvi ndani, futa, kisha legeza breki kabisa na uache ikauke kivulini. Tone moja la mafuta kwenye rola kila safari. Ile rili yangu ya sasa ina mikwaruzo kila mahali na rangi imetoka kwenye rota, lakini rola yake ni ya pili tu na gia ni zilezile za kiwandani.

Mchangiaji wa pili

Ahsanteni wakuu. Nilikuwa nimeshaweka pembeni fedha ya XG. Nimeifuta dukani ile oda na kuuliza yenye gia ya nguvu. Muuzaji ameniambia inazunguka kizito kidogo kuliko ile ya kwanza. Nimemwomba afunge mshipi kwenye mguu wa meza nijaribu rola.